Mkia wa Pili

Ma Paskazia,

Barua nzuri huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza tena. Yangu, ungeijua, ungevua miwani, ukaifuta kwa pindo la kitenge, ukaivaa na kunitazama. Ndivyo ulivyonitazama siku ya kwanza nilipoletwa darasani kwako pale Kitendaguro, Bukoba, mwalimu wa mazoezi mwenye shati la kuazima, nikaandika ubaoni "two foots" mbele ya Darasa la Tatu lote. Uliningoja nimalize. Kisha ukawaambia watoto, "Mwalimu Erasto anawajaribu. Nani ameona alipowatega?" Mikono ikajaa hewani, nami nikapona. Nimeikumbuka sana siku hiyo tangu uondoke, maana wewe uliifunika aibu yangu ya kwanza, na mimi aibu yangu ya pili nimemvika mtu mwingine.

Nitakueleza yote. Ila niache nianze na habari za shule, kwa sababu ujasiri bado unakusanyika.

Mwalimu Mkuu amenipa darasa lako. Alisema hakuna mwingine wa kulishika, akanikabidhi na ule ufunguo wa kabati unaogoma mpaka ulainishwe kwa maneno. Kiti chako sijakikalia. Nimekisogeza dirishani, na watoto huweka masweta yao juu yake jua likichomoza. Mwanzoni walikuwa wakigeuka kutazama mlango kila waliposikia viatu vya mtu koridoni, nami niligeuka nao. Siku hizi hawageuki. Mimi bado.

Nafundisha kama ulivyonifundisha. Sina njia yangu mwenyewe, natembea kwenye yako. Ulisema maneno ni wanyama, na kila lugha ina mahali inapomshika mnyama ikitaka awe wengi. Mhaya na Mswahili humshika kichwani: omwana, abaana, mtoto, watoto. Ndiyo maana mwanafunzi wetu akitaka teacher wawili husema mateacher, na ulikataza katakata wasichekwe kwa hilo, ukisema mtoto huyo amefikiri, tatizo lake amemshika mnyama upande usio wake. Mwingereza huacha kichwa, hushika mkia: book, books. Halafu wapo wakaidi wanaobadilika tumboni: man, men, tooth, teeth. Ulijishika tumbo ukatamka foot kwa tumbo lililojaa, kisha ukalibana ukatamka feet, na darasa zima likajishika matumbo na kubana pamoja nawe. Wakaguzi walipokuja siku moja walidhani watoto wamekula kitu kibaya.

Na sheep je? Sheep ulisema ni kama senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Senene mmoja, senene debe zima, jina ni lilelile. Mtoto akauliza kama Waingereza nao wana senene. Ukamwambia hawana, na hata wangekuwa nao tusingewaruhusu kuwaongezea S.

Child ulimweka mwisho siku zote. Ulichora ubaoni mnyama asiyejulikana, katikati ya mbuzi na paka, ukamwandikia child tumboni, kisha ukamchorea mkia mrefu wa herufi tatu: ren. "Huyu ameshapata mkia wake," ulisema. "Nani amewahi kuona mnyama mwenye mikia miwili?" Kuanzia hapo ukawa mchezo. Katikati ya somo lolote, hata la hesabu, ulitamka ghafla "childrens!", na darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Mikia miwili!" Ulinifanyia hata mimi ofisini, nikiandika barua za wazazi. Nikikosea popote, hata kwenye Kiswahili, ulipita nyuma yangu ukanong'ona, wewe Mkatoliki, "Mikia miwili, Mlutheri wangu." Sikujua ningekuja kuutamani mnong'ono huo kiasi hiki.

Kuna jambo lingine kuhusu neno hilo ambalo watoto hawakulijua. Kila ulipolifundisha ulisema, "Mimi sina child. Nina children." Walicheka, nami nikacheka, mpaka siku ile tulipokuwa tukila ndizi na maharage nyuma ya ofisi ukaniambia kwa nini mumeo alikurudisha kwenu Kamachumu, na jinsi shangazi zako walivyokuwa wakikutazama tumbo kila Krismasi. Ulisema bila kulia. Ulisema umoja wa neno hilo ulikupita, katika Kihaya, Kiswahili na Kiingereza, ukapewa wingi wake, na wingi huo hakuna atakayekunyang'anya. Kisha ukaniuliza kama nimemaliza kusahihisha.

Sasa nimefika. Nisubiri kidogo.

Miezi kadhaa baada ya mazishi, mdogo wako Ta Kamugisha alinipigia simu. Kaburi lilikuwa likijengewa pale kwenye kibanja, shamba la kwenu, chini ya mibuni, na fundi wa tarazo alikuwa akisubiri maneno. Ta Kamugisha alitaka yawe ya Kiingereza ili kila apitaye ajue dada yake alikuwa mwalimu wa nini. Alitaka yaseme wewe ni mama wa watoto wengi. Alisema, "Mwana wange, tuma wewe. Wewe ndiye uliyekaa naye." Ilikuwa saa za kazi, na mbele yangu kulikuwa na mlima wa madaftari ya Darasa la Tatu, childrens juu ya childrens, kalamu yangu nyekundu imeshachoka. Nikaiweka chini, nikashika simu, nikaandika maneno manne, nikatuma. Nililia kidogo baada ya kutuma. Nilijiona nimekutendea haki.

Sikuyasoma mara ya pili. Kwa muda wote niliokuwa nawe sikuwahi kuhitaji kusoma mara ya pili, kwa sababu wewe ulikuwa ukipita nyuma yangu.

Misa ya kubariki kaburi ilifanyika kiangazi. Wazazi walikodi kosta, nikawaleta watoto wako Kamachumu wakiwa wamevaa sare zilizopigwa pasi, soksi juu mpaka magotini. Wengi walikuwa hawajawahi kufika wilaya ya Muleba, wakawa wanahesabu vilima. Walikuimbia vizuri, Ma. Padre alinyunyiza maji ya baraka, kitambaa cheupe kikaondolewa, na Ta Kamugisha, kwa fahari yote aliyonayo, akaniomba watoto wako wakusomee kwa sauti yale maneno, watu wasikie Kiingereza chako kimeacha nini duniani. Nikainua mkono kama tunavyofanya darasani. Wakasoma, polepole, herufi kubwa zilizochongwa na kupakwa rangi nyeusi: "Mother of many childrens."

Na kabla sijaushusha mkono, wote kwa pamoja, kwa ile sauti uliyowazoesha wewe mwenyewe, wakaitikia: "Mikia miwili!"

Hawakukusudia ubaya. Ungesema umewafundisha vizuri, na ni kweli. Lakini kijana mmoja nyuma, mwenye suti, aliyesoma, akacheka puani. Yule aliyekuwa karibu naye akamwuliza, akaelezwa, naye akacheka. Shangazi yako mmoja, wa wale wa Krismasi, akauliza kwa sauti watoto wamesema nini juu ya mikia, na mtu akamjibu kwamba neno la watoto limekosewa. Shangazi akasema, "Hata hao wa kuandikwa wamekataa kukaa sawa." Nadhani alidhani amenong'ona.

Ta Kamugisha alinigeukia, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna herufi imezidi. Hayo ndiyo niliyosema, kwa maneno hayohayo, kana kwamba herufi hiyo ilitembea yenyewe kutoka Bukoba. Akageuka kumtafuta fundi. Fundi Joasi alikuwa amesimama pembeni karibu na mgomba, amevaa shati lake la kanisani, alikuja kuona kazi yake ikibarikiwa. Ta Kamugisha akamwambia mbele ya Padre na ukoo mzima kwamba amemtia dada yake aibu kaburini. Fundi akasema kwa heshima, "Waitu, mimi nilichonga kilichokuwa kwenye karatasi." Ta Kamugisha akasema karatasi aliinakili kutoka kwenye ujumbe wangu. Ujumbe wenyewe alikuwa ameshaufuta, simu yake hujaa upesi. Kisha akasema lile ambalo bado linanichoma. Alisema, "Mwalimu Erasto hawezi kukosea hilo. Alifundishwa na marehemu."

Nilikuwa nimemshika Ta Kamugisha koti, kama mtu anayemtuliza mzee. Niliendelea kulishika. Fundi alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Aliondoka bila kula, na watu wakampisha njia.

Baadaye nilikwenda nyuma ya migomba, nikafungua simu yangu. Yangu haijai upesi. Ujumbe ulikuwepo, S ikiwa mwishoni, imetulia, kazi ya kidole changu mwenyewe. Ningeweza kurudi pale pale nikasema. Watu walikuwa bado wanapakuliwa. Nilirudi, nikapakuliwa na mimi, nikala ndizi zako na nyama yako, na kila aliyepita akaniambia pole mwalimu, mafundi wa siku hizi ni shida. Nikaitikia. Sikuishia kunyamaza, Ma. Niliitikia.

Ningependa kukuambia kwamba nilikosa usingizi na kukonda. Sikukonda. Nilirudi Nshambya kwangu, nikaendelea na maisha, nikajiambia Ta Kamugisha hatadumu na hasira, fundi atapata kazi nyingine, na S ni herufi moja tu. Nilijua neno hilo lilikuwa nini kwako, na bado nikajiambia ni herufi moja tu. Hapo ndipo ninaposhindwa kuinua uso hata ninapokuandikia.

Shule ilipofunguliwa, ratiba ikanileta tena kwenye wakaidi wako. Nilichora yule mnyama wa katikati ya mbuzi na paka, nikamwekea mkia wa ren, na nilipofika penye mchezo nikatamka, "Childrens!" Walitazamana. Nikatamka tena. Akanyoosha kidole Jovitha, yule wa meno ya mbele yaliyong'oka, uliyekuwa ukimwita tooth kwa sababu alibakiwa na moja. Akasema, "Mwalimu, hilo si ndilo la kwa Madam?" Nikasema ndilo. Akauliza kama bado ni kosa likishaandikwa kaburini. Wenzake wakamjibia. Wakasema ni kosa la fundi. Fundi hakusoma. Mmoja akasema fundi ni mjinga, na wote wakacheka, wakinitazama nicheke nao.

Wewe ulikataza wasimcheke hata anayesema mateacher. Na mimi, kwa kukaa kimya tu, nilikuwa nimewafundisha kumcheka mtu mzima aliyechonga kwa uaminifu alichopewa. Somo hilo walilielewa upesi kuliko foot na feet. Nilisimama pale na chaki mkononi, nikajiona nimelipoteza darasa lako, na hakuna hata mtoto mmoja aliyejua kwamba limepotea. Nikawaambia wafungue madaftari wachore picha. Picha yoyote.

Jumamosi nilipanda gari mpaka Kamachumu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yenye utangulizi. Ta Kamugisha alinikuta kwenye kaburi lako, akaniletea kigoda, akaanza kunipa pole ya safari, na utangulizi wote ukanitoka. Nikamwonyesha simu. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akasoma neno kwa neno, kisha akaisoma tena. Sijui kama unajua mdogo wako hucheka akiumia. Alicheka kidogo, akafuta macho kwa kiganja, akasema, "Kumbe ni wewe." Baadaye akasema, "Na mimi nimeacha kumsalimu Joasi kanisani." Nikamwomba twende wote kwa fundi. Akakataa. Alisema koti lake siku ile nililishika mwenyewe, na huko niende mwenyewe.

Fundi Joasi nilimkuta kazini kwake barabarani, kati ya misalaba na masinki, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Nilitamani waondoke. Nikakumbuka kwamba yeye alisemwa mbele ya ukoo mzima, nikaongea wakisikia. Nilimwambia kosa ni langu, niliandika mimi, nikajua siku ileile nikanyamaza, na ninaomba anisamehe. Hakusimama. Aliendelea kusugua sinki kwa msasa. Nilipomaliza akasema, "Nilikuona. Ulikuwa umesimama pale." Basi. Hakusema amenisamehe, na sikuona haki ya kumwuliza tena. Nilipogeuka kuondoka akaniuliza kama neno likitolewa hiyo S ya mwisho litakuwa limekamilika, au kuna kingine. Nikamwambia litakuwa limekamilika. Akasema nimwandikie, kwa mkono wangu, na niweke jina langu chini.

Ta Kamugisha alitaka bamba lote livunjwe. Fundi akamwambia akilivunja ataugusa msalaba, kwa hiyo akaijaza S kwa saruji na kuisugua mpaka ikalingana na tarazo. Siku alipomaliza jua lilikuwa kali, nikapitisha kidole mwishoni mwa neno na sikuhisi kitu. Mother of many children. Nilipumua, Ma. Nilisema kimoyomoyo kwamba yamekwisha, kama mtoto aliyefuta daftari kwa mate akadhani mwalimu hataona.

Kisha vuli ikaanza. Nilikuja wiki iliyopita kukupalilia, mvua ikanikuta hapo hapo, na kaburi lilipolowa nikaiona. Saruji hunywa maji tofauti na tarazo. Jiwe lote likang'aa, na mwishoni mwa watoto wako ikatokea S nyeusi, nzima, imekaa pale pale nilipoiweka. Lilipokauka ikapotea. Unajua kunavyonyesha Kamachumu. Sehemu kubwa ya mwaka utakuwa ukilala chini ya kosa langu.

Nilimwambia fundi. Akasema anaweza kuongeza rangi, lakini rangi nayo hubanduka. Nikamwambia aiache. Wewe hukupenda ufutio. Uliwanyang'anya watoto wote mwanzoni mwa mwaka ukaufungia kabatini, ukawaambia wakikosea wapige mstari mmoja, waandike sahihi mbele yake, na kosa libaki waone walipopita. Nilikuwa nikidhani ni sheria ya madaftari tu.

Darasa lako nimewaambia. Nilisimama mbele yao nikasema fundi alichonga alichopewa, na aliyempa ni mimi. Nilidhani wataitikia ule wito wako, na nilikuwa tayari kuupokea. Hawakuitikia. Jovitha ndiye aliyeuliza, "Sasa Mwalimu, ulikuwa unatujaribu?" Mlango ulikuwa wazi, Ma. Ulinifungulia mwenyewe siku ya foots, na ningeweza kupita hapo tena. Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilikosea.

Sasa nakuacha, Ma Paskazia. Nimekuachia kibanja kimepaliliwa, na Ta Kamugisha na Joasi wameanza kusalimiana, kwa ukavu kidogo. Ninakuahidi hivi: kila mwaka nitakuletea Darasa la Tatu wakusomee, na sitachagua siku ya jua. Wakifika mwisho wa mstari, kama jiwe limelowa na wakaitikia "Mikia miwili," nitawaambia mkia wa kwanza, ule wa ren, ndio uliompa Madam Paskazia watoto maisha yake yote. Na wakiniuliza wa pili ni wa nani, nitainua mkono.

Mlutheri wako,
Erasto